Kikohozi cha Dallae

Siku gari la kahawa lilipoegeshwa mbele ya jengo lao, Pyo Se-ran alishuka na wenzake akapanga foleni kama kila mtu. Gari lenyewe lilitumwa na wachezaji. Watu wasiojuana hata kwa sura walichangishana, wakakodi gari zima, kahawa na maandazi ya mchele humo humo, na ubavuni wakatundika kitambaa kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MSIJIKIMBIZE. TUTAWANGOJA.

Se-ran alipokea kikombe chake kwa mikono miwili, akasogea pembeni karibu na miti ya mginko, akajikuta machozi yanamlenga. Alijifanya kahawa imemuunguza ulimi.

Alikuwa na haki ya kuguswa. Kazi yake katika kampuni ile ilikuwa kuongoza wapimaji, yaani watu wanaoucheza mchezo wa kompyuta kabla haujatoka, wakiutafutia makosa na kuuvunja kwa makusudi ili wateja wasije wakauvunja kwa bahati mbaya. Na mchezo uliokuwa mikononi mwao haukuwa mchezo mdogo. Uliitwa Barabara ya Ukungu. Mchezaji anamwongoza Dallae, mtoto yatima mwenye nywele zilizokatwa ovyo, kuvuka milima ya nchi iliyomaliza vita jana, kumtafuta bibi yake. Kampuni ilikuwa imeonyesha kipande kifupi tu, Dallae ananyoosha mkono na kusema, "Polepole, miguu yangu mifupi," na maneno hayo yakaenea Korea nzima. Watu waliyaandika kwenye fulana. Wanandoa waliambiana wakipanda ngazi za kituo cha treni.

Mchezo uliahidiwa kutoka vuli ile, wakati wa sikukuu ya mavuno. Se-ran ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi, Tak Gi-beom, akamwambia hauwezi kutoka.

"Ardhi inameza watu, bosi," alimwambia. "Mtu anatembea vizuri, mara anazama hadi kiunoni, basi, hatoki. Mwingine anacheza wiki nzima, akiamka asubuhi safari yake yote imefutika. Na Dallae mwenyewe, kuna mahali anatembea uso ukiwa kisogoni. Tukiutoa hivi watatutemea mate."

Tak alikuwa akila ngisi mkavu. Alikuwa na tabia ya kuweka mfuko wa ngisi kwenye droo ya meza, akinyofoa uzi mmoja mmoja na kuutafuna huku mtu anaongea, kisha akijifuta vidole kwenye suruali kabla ya kukupa mkono. Ofisi yake ilinuka kama soko la samaki lililofungwa juzi.

"Kiongozi Pyo, we' unataka nini? Nikawaambie wenye hisa tumeshindwa?"

"Waambie tunataka kuumaliza."

Tak alimfukuza ofisini. Ila baada ya siku chache alimwita tena, safari hii akiwa amechangamka kama bwana harusi, akamwambia, "Umeshinda. Tunaahirisha hadi masika. Umefurahi?" Se-ran aliinama kwa shukrani hadi mgongo ukauma. Wiki hiyo hiyo Tak alijirekodi video, suti nyeusi, akainamisha kichwa mbele ya kamera akasema kampuni inaomba radhi, kwamba wachezaji wanastahili kitu kilichokamilika. Badala ya matusi wakapata sifa. Hapo ndipo gari la kahawa likaja.

Basi Se-ran akarudi mezani kwake na moyo mweupe. Akawaambia wapimaji wake, "Tumepewa muda. Tusiuchezee." Wakashikilia kazi. Kila kosa walilolikuta walilieleza kwa picha na maneno, wakalipeleka kwa waandika programu, na kungojea lirekebishwe.

Halikurekebishwa hata moja.

Mwanzoni alidhani ni foleni tu. Vuli ikaisha, majani na matunda ya mginko yakaanguka, matunda yakanuka chini kama kawaida yake, na makosa aliyoyapeleka yakawa yanamrudia na neno moja: baadaye. Ardhi bado inameza watu? Baadaye. Safari zinafutika? Baadaye. Alipokwenda kuwauliza waandika programu ana kwa ana alikuta viti vitupu. Wamehamishiwa ghorofa ya sita, aliambiwa, na kadi yake ya mlango haifungui ghorofa ya sita.

Mtu aliyewaongoza waandika programu wale aliitwa Kuk Sang-hun. Yeye na Se-ran waliingia kampuni mwaka mmoja, yeye akiwa mkubwa kidogo kwa umri, na kwa miaka yote hiyo Se-ran alimwita kaka, naye akamchukua kama mdogo wake wa kweli. Binti yake Sang-hun alipotimiza mwaka mmoja, wakaweka vitu mezani ili mtoto achague kimoja cha kumtabiria maisha, Se-ran ndiye aliyeleta uzi. Mtoto aliunyakua, maana yake ataishi maisha marefu, baba yake akacheka hadi akapaliwa.

Alimkamata Sang-hun kwenye lifti.

"Kaka, huko juu kuna nini?"

"Kazi."

"Kazi gani hiyo isiyogusa hata kosa moja?"

"Se-ran, usinichimbe." Alikuwa amenenepa kwa namna mbaya, uso umevimba, na nguo zake zilinuka mafuta ya kukaangia. "Tutayafikia makosa yako. Baadaye."

"Hata wewe unaniambia baadaye?"

Lifti ikafunguka, akatoka bila kuaga. Se-ran akabaki anatazama kisogo chake. Ndipo alipoanza kuwa na shaka, kidogo tu, kama mtu aliyekunywa maziwa na sasa anajiuliza yalikuwa ya lini.

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulipokwisha, watu wakarudi kutoka makwao wakiwa wamejaa vyakula vya mama zao, Tak akampigia simu apande ghorofa ya sita. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Chumba kilikuwa na joto na uvundo wa watu waliokaa humo muda mrefu: soksi, tambi za kopo, pumzi. Sang-hun alikuwa ameketi pembeni, hakuinua macho.

"Kaa, kaa," Tak alisema, akamvutia kiti mwenyewe. "Wewe ndiye mpimaji wa kwanza kukiona kitu hiki. Nataka uso wako. Sitaki ripoti, nataka uso."

Se-ran akakaa, akacheza. Dallae alikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuwa. Walitembea pamoja bondeni, mtoto akimshika kidole, wakala viazi vilivyochomwa, wakalala chini ya ngozi. Asubuhi Dallae akaamka akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha kwenye sinema. Kilianzia chini, kikavu, kikamvuta mtoto mabega mbele, kisha kikaisha na ule mvuto wa pumzi wa mtu anayetafuta hewa. Dallae akageuka akamtazama Se-ran moja kwa moja. "Samahani," akasema. "Nitatembea tu." Akatembea hatua chache, akakohoa tena.

Kwenye kona ya kioo likatokea sanduku dogo la mbao lenye mapambo ya magamba ya chaza yanayong'aa, zuri sana, limeandikwa Dawa.

"Bonyeza," Tak alisema.

Alibonyeza. Sanduku lilitaka pesa, pesa za kweli, siyo za mchezoni. Tak akamwekea za majaribio. Sanduku likafunguka kwa muziki mtamu, ndani mna kifungo cha shati. Akabonyeza tena: ua kavu. Tena: kitana kilichovunjika meno. Dallae alikohoa huku amechuchumaa njiani, akiziba mdomo kwa kiganja ili asisumbue. Mwishowe kikatoka kichupa cha dawa, mtoto akanywa, akatabasamu, akamkumbatia shingoni. Se-ran, ambaye alijua fika kwamba huyu ni rangi na hesabu tu, alishusha pumzi.

"Huo!" Tak alipiga meza. "Huo uso! Mmeuona?"

"Anapona?" Se-ran aliuliza.

"Kwa muda."

"Kisha?"

"Kisha kinarudi. Sikiliza uzuri wake, Kiongozi Pyo. Akifa, wataacha kulipa. Akipona, wataacha kulipa. Lazima akae katikati." Alinyofoa uzi wa ngisi akautia mdomoni. "Na sanduku lina akili. Anayelipa haraka, mtoto wake anakohoa zaidi. Anayesitasita, linampa dawa mapema kidogo ili aonje. Mtu akitaka kuzima mchezo, linajua. Mtoto anamwomba asimwache peke yake. Sang-hun kaiunda hiyo. Ana kipaji huyu, tulikuwa tunampotezea muda kwa mambo ya ardhi."

"Ndiyo kazi mliyoifanya muda wote huu?"

"Hii ndiyo kazi."

Se-ran alitaka kusema neno, akaliacha. Akauliza kitu kingine, kwa sababu alihitaji kuuliza kitu chochote.

"Kikohozi mmekitoa wapi?"

Hapo Sang-hun akainuka kwenda dirishani. Tak akacheka, akamwonyesha kwa kidole chenye mafuta.

"Mwigizaji tuliyemlipa alikohoa kama mbwa. Bandia tupu. Basi binti yake huyu, Ha-yul, baridi ilipoanza akaugua kifua, kifua kibaya hasa. Mtu mwingine angelalamika, angeomba ruhusa. Huyu alikaa kitandani kwa mtoto, kashika simu, anarekodi! Ile pumzi ya mwisho umeisikia? Haiigiziki ile. Huyo ndiye mfanyakazi."

Se-ran alimtazama Sang-hun. Alitazama mgongo wake tu, maana hakugeuka. Alifikiria mtoto aliyenyakua uzi mezani. Halafu akaifikiria simu, imeshikwa karibu na mdomo wa mtoto, na baba akisubiri kikohozi kinachofuata, labda akijisemea hiki cha sasa kilikuwa kizuri, ngoja kimoja zaidi. Aliondoka kwenye kiti, akatembea hadi chooni, akafungulia maji. Hakutapika. Alisimama pale ananawa mikono, akaongeza sabuni akanawa tena, na alipokuwa anaikausha akahisi bado ina kitu.

Jioni ile kampuni ilikula pamoja, kwenye ukumbi wa nyama karibu na kijito, makaa katikati ya kila meza. Kukataa kulikuwa ugomvi, basi akaenda. Nyama ya nguruwe ilichuruzika mafuta motoni, moshi ukaingia kwenye nywele, watu wakamiminiana pombe ya soju. Tak akasimama na kikombe chake, uso umekuwa mwekundu.

"Mimi nilikuwa mjinga," alisema. "Nilitaka tutoe mchezo vuli. Nani alinizuia? Kiongozi Pyo! Alikuja akanililia ardhi inameza watu. Nikajisemea, sawa, muda nitaomba, lakini tukishapewa muda, tuutumie kwa akili. Bila yeye tusingekuwa na sanduku. Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Mtu akamkatia kipande cha nyama, akakifunga kwenye jani la saladi na kitunguu saumu, akakisukuma hadi mdomoni mwake kama ilivyo desturi ya kumtukuza mtu. Se-ran alifumba midomo. Kipande kikabaki hewani, mafuta yakidondokea sketi yake, watu wakicheka, "Kula, dada, kula! Unaona haya?" Akakipokea kwa mkono akakiweka kwenye sahani.

Nje, karibu na viatu, Sang-hun alimfuata.

"Unanihukumu," alisema.

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema. Wewe huna mtoto, Se-ran. Huna nyumba ya mkopo. Mtoto alikuwa anakohoa tu, nirekodi nisirekodi angekohoa. Nilimpa dawa. Nilimpeleka kwa daktari. Nilifanya kila kitu ambacho baba anafanya."

"Kabla ya kurekodi au baada?"

Alinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomaliza kila kitu kati yao. Se-ran alivaa viatu bila kukaza kamba, akaenda zake.

Kesho yake alikataa kuupitisha mchezo. Tak hakukasirika hata kidogo, na hilo lilimkera kuliko matusi. Alimwambia apumzike, amechoka, akamweka mtu mwingine kwenye kiti chake kabla ya chakula cha mchana, na yule mtu akaupitisha kabla ya jioni. Se-ran akaacha kazi. Akakusanya kikombe, kandambili na mmea wake, akapanda basi hadi Gongju kwa mama yake. Kinywa alikifunga. Alijiambia wachezaji si vipofu: watakisikia kile kikohozi, wataliona sanduku, watachukia wenyewe. Alikuwa na imani kubwa na watu wale wa gari la kahawa.

Mchezo ukatoka masika, wakati maua ya micheri yamefunguka. Ukapokewa kama mfalme. Magazetini, redioni, kila mahali neno lilikuwa moja: ilistahili kungojewa. "Hivi ndivyo kampuni inavyopaswa kuheshimu wateja," mchambuzi mmoja aliandika. "Wangekuwa na tamaa wangeutoa vuli." Ardhi iliendelea kumeza watu huku na huku, lakini wachezaji walifanya mzaha na hilo, wakapigana picha wamezama. Kuhusu kikohozi walisema wamelia. Walisema hawajawahi kupenda mtu wa kwenye kioo namna hii. Wakabonyeza sanduku.

Se-ran alisoma sifa zile kitandani, chumba chake cha usichana, na kila aliposoma neno kungojewa alihisi kama mtu aliyemlisha mgeni chakula kibovu na mgeni anamsifia mapishi.

Mama yake alikuwa mjane mwenye mdomo mkali, aliyeuza njugu za kuchoma maisha yake yote na hakumwogopa mtu. Siku moja Se-ran alirudi kutoka sokoni, akavua viatu mlangoni, akasikia kikohozi. Kikavu, kutoka chini, na mvuto ule wa pumzi mwishoni. Ha-yul. Kwa nukta moja alidhani mtoto yumo nyumbani.

Mama alikuwa sakafuni, kwenye sehemu inayopashwa joto kwa chini, blanketi miguuni, simu ameishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza.

"Mama! Umeanza lini hiyo?"

"Tangu itoke. Si kazi yako hii? Niliingoja kama wenzangu. Nimewaambia kanisani binti yangu kaitengeneza." Akabonyeza tena. "Kitana. Kila saa vitana. Huyu mtoto ana homa, mie napewa vitana."

"Mama, zima."

"Nizime vipi? Hujasikia anavyokohoa?"

"Si mtoto wa kweli."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Unaniona mjinga? Najua si wa kweli. Nimezaa, nimezika, nisijue mtoto? Lakini anakohoa, Se-ran. Mtu akikohoa mbele yako unafanyaje, unamwambia we' si wa kweli?" Kisha akashusha sauti, kama anayesema jambo la aibu. "Jana niliacha kununua. Akaniambia, bibi, usiniache peke yangu. Kwa sauti ile. Sikulala."

Se-ran akaketi sakafuni. Akamweleza mama yake yote, taratibu: sanduku linavyomchunguza mtu, linavyomwongezea kikohozi anayelipa haraka, kwamba hakuna dawa itakayomponya kwa kuwa waliamua asipone. Jina la Ha-yul hakulitaja. Mama alisikiliza mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo kadiri nilivyomwonea huruma ndivyo walivyomzidishia ugonjwa."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nikaacha kazi."

"Ukaacha kazi ukaja hapa ukalala." Mama aliiweka simu chini kifudifudi, na kikohozi kikaendelea chini yake, kimezibwa na blanketi. "Wenzangu watatu kule kanisani wanacheza hii. Mmoja kauza pete. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

Alikwenda jikoni, akaanza kukosha mchele kwa nguvu, maji yakiruka.

Alasiri ile ile Se-ran aliandika. Aliingia kwenye uwanja wa wachezaji mtandaoni, pale walipokusanyika kusifu na kulia, akaweka jina lake kamili na cheo chake cha zamani, akaeleza kwa lugha ya kila siku jinsi kikohozi kinavyofuata mfuko wa mtu. Akaeleza kwamba muda waliousubiri haukutumika kurekebisha kitu, ulitumika kuunda hicho. Akawaambia namna ya kujithibitishia: wawili waanze siku moja, mmoja anunue haraka, mwingine asinunue, kisha wamsikilize mtoto. Alipofika kwenye swali la kikohozi kilitoka wapi, vidole vyake vilisimama. Akaliruka.

Watu walijaribu, wakaona ni kweli. Hasira ikawaka. Ila siyo yote ilikwenda kwa Tak. Nyingine ilimjia yeye. Ulikuwa wapi mchezo ulipotoka? Umengoja tulipe kwanza? Kwa hiyo umefukuzwa, ndiyo unaongea? Mwanamke mmoja alimwandikia maneno machache ambayo Se-ran aliyasoma mara nyingi: Nilikuwa na furaha na mtoto yule, umeniharibia. Kampuni nayo ikamtumia wakili, kwamba ametoa siri za kazi. Mama alimpokea wakili mlangoni, akamwambia binti yake anakula, akamfungia mlango.

Kabla ya mvua za kiangazi Sang-hun akaja Gongju. Se-ran alimkubalia wakutane nje, kwenye kibanda cha tambi karibu na ngome ya kale ya mji, kwa sababu hakutaka mama yake amwone. Sang-hun alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia. Aliagiza bakuli mbili bila kuuliza, kama zamani.

"Nimekuja kukushukuru," alisema.

"Kwa lipi?"

"Hukuandika habari ya Ha-yul. Mke wangu hajui. Anausikia mchezo kwenye treni, kwa majirani, anasema tu, yule mtoto anakohoa kama wetu alivyokohoa."

"Sikukuficha wewe. Nilimficha Ha-yul."

"Najua." Alizungusha tambi kwa vijiti, hakula. "Kikohozi kinatolewa, umesikia? Kelele zimezidi. Bosi amekubali. Wiki hii."

Se-ran alihisi nafuu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu lile gari la kahawa. "Basi kuna jema moja."

Sang-hun akaweka vijiti chini. Akanywa maji. Akachukua kitambaa cha karatasi akafuta meza mahali palipokuwa pakavu.

"Kaka?"

"Dallae hataugua tena. Atakuwa anapotea kwenye ukungu. Unanunua taa za kumtafutia. Taa zinatoka kwenye sanduku." Sauti yake ilikuwa chini, ya haraka, ya mtu anayetaka kumaliza. "Hakohoi, analia tu. Anaita. Bosi alisema kilio cha mwigizaji ni bandia."

Mwenye kibanda alileta figili zilizokatwa, akaweka katikati yao, akaondoka. Se-ran alimtazama mtu aliyekuwa mbele yake, mikono yake laini, pete yake ya ndoa, simu yake iliyolala juu ya meza kando ya bakuli. Mafuta ya supu yalikuwa yanaganda pembeni.

"Ulimfanyaje mpaka alie?" aliuliza.

"Sikumpiga! Unaniwazia nini? Nilijificha tu. Kwenye bustani. Dakika chache, nyuma ya choo, nikamwacha anitafute. Nilikuwa namwona muda wote. Hakuna kilichompata. Nilimnunulia barafu baadaye." Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Se-ran, niambie kitu. Nitukane basi."

Alingoja atukanwe. Se-ran aliona kwamba ndicho alichofuata safari yote ile, tusi moja zuri la kulipia kosa lake, aende nalo nyumbani akiwa mwepesi. Akaona hata hilo hataki kumpa.

Aliinuka, akasogeza kiti mahali pake. Chakula hakukigusa. Alipopita nyuma yake, Sang-hun alinyoosha mkono kumshika mkono wa sweta, naye akauvuta mkono wake kwa kasi, kama mtu aliyeguswa na kitu chenye utelezi. Nje jua lilikuwa kali. Alipofika barabarani akatoa simu, akatafuta namba ya mke wa Sang-hun, mwanamke aliyezoea kumwita dada na kumfungia kimchi, kabichi ya kuchachusha, kila vuli, akaisikiliza ikiita.

"Dada Se-ran!" sauti ikapokea, ya furaha, na nyuma yake mtoto anaimba. "Umepotea wewe!"

"Toka nje kidogo, dada," Se-ran alimwambia. "Ha-yul asisikie. Nina jambo la kukwambia kuhusu mumeo, na ukishalisikia utanichukia."